Wafunga vidonda wa nyumbani hapa Tanga: nyota nne, na sababu ya kuizuia ya tano

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya simu, na huko nitafika.

Mnijue kwanza, maana sifa za mtu asiyejulikana hazina uzani. Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, mwaka wa ishirini na sita huu nashona madera, majuba na sare za shule. Masika iliyopita nilikuwa kwenye baiskeli na furushi la vitambaa vya watu kwenye keria, nikateleza topeni karibu na soko la Mgandini, nikavunjika muundi wa kushoto, mifupa yote miwili. Vitambaa havikulowa. Hili naliweka wazi kwa sababu kuna mteja hadi leo anatangaza kwamba dera lake liliharibikia mtaroni siku ile. Halikuharibikia mtaroni. Nililikata vibaya mimi mwenyewe juzi yake, na hela yake nimemrudishia.

Nikapasuliwa, nikawekewa bamba la chuma na skrubu nane. Habari za hospitali leo siziandiki. Naandika habari za hawa wanaokuja nyumbani kufunga vidonda: sista mmoja mtu mzima aliyestaafu, na kijana wake anayembebea boksi la vifaa kwenye baiskeli. Jina lao siliweki kwa sababu wameniomba wenyewe. Wanasema namba ikizagaa watapigiwa mpaka na watu wa Pangani. Ukiwahitaji ulizia Ngamiani, utaelekezwa kabla hujamaliza swali.

Ila kazi yao haieleweki bila kisa cha mguu, basi nivumilieni.

Siku ya sita baada ya upasuaji kikatoka kipele kando ya mshono, kidogo kama kichwa cha pini, kina usaha. Kesho yake nyuzi tatu zilikuwa zimeachia na pembeni pameshika rangi ya zambarau iliyoiva, ile inayoacha doa kwenye ulimi. Homa juu. Maumivu ndiyo sijui niyaseme vipi; nimezaa mara tatu, na nimewahi kupitishwa sindano ya cherehani katikati ya ukucha, hayo yote hayakufika pale. Damu ikapimwa: chembe nyeupe ziko juu, na kile kipimo cha CRP kinachoonyesha mwili una moto nacho juu. Kila mtu akasema bakteria. Na mimi ningesema hivyohivyo. Ndani kuna chuma, nje kuna usaha, mwilini kuna homa, utasema nini kingine? Nikaanzishiwa antibiotiki za mshipa, na siku ya nane nikarudishwa chumba cha upasuaji, kidonda kikafunguliwa, kikaoshwa, nyama iliyokufa ikakatwa.

Kitanda cha pili alilala binti wa sekondari. Naye aliwekewa chuma baada ya kugongwa na bodaboda, naye kidonda kilitoa usaha wiki ileile. Tulioshwa siku moja. Siku ya tatu yake homa imeshuka, anatumiwa chipsi na wenzake, na kidonda kimekuwa chekundu safi kama nyama ya buchani asubuhi. Cha kwangu kilikuwa kimevuka pale walipokata na kinaendelea na safari. Wakaniosha tena. Kikapanuka tena. Usaha ulipelekwa maabara kuoteshwa mara mbili na hakikuota kitu, lakini jibu hilo halikumtuliza mtu, kwa sababu mgonjwa akishaanza antibiotiki wadudu wanaweza kufa kwenye sampuli kabla maabara haijawaona. Ikaanza kuzungumzwa habari ya kutoa chuma. Jioni moja nikasikia koridoni, si kwamba naambiwa mimi, neno "kukata".

Nikaomba niende nyumbani wiki moja, nirudi kwa usafishaji wa tatu. Wakakubali kwa masharti. Nimeze dawa zote, na kidonda kifunguliwe kila baada ya siku moja na mtu anayejua kazi, akikwangue vizuri uozo wote. Iliandikwa hivyo kwenye cheti, kwa mkono mzuri tu unaosomeka. Ndugu yangu wa Makorora akanipa namba ya sista.

Ziara ya kwanza waliahidi saa mbili asubuhi, wakafika saa nne. Nilikuwa nimeshakasirika. Sista akavua viatu mlangoni, nikampa shikamoo yake ya baridi, akaitikia marahaba kama hakusikia ubaridi, akanawa mikono hadi viwikoni kwa sabuni aliyokuja nayo, akakaa kwenye kiti changu cha cherehani. Akafungua bandeji kwa kulowesha, taratibu, hata gozi ya mwisho ikatoka bila kunivuta roho. Kisha hakugusa kitu. Akatazama. Alitazama muda mrefu mpaka nikaona haya, kama vile ni mimi ninayetazamwa na wala si mguu.

Akatoa kwenye boksi nailoni mbili zinazoonyesha ng'ambo, akazipangusa kwa spiriti na kuziacha zikauke, akazilaza juu ya kidonda, moja juu ya mwenzake, akafuata ukingo wote kwa kalamu ya wino mzito. Ya chini iliyogusa kidonda akaitupa. Ya juu akaiandika tarehe na saa, na mshale wa kuonyesha goti liko upande gani.

Nikacheka pamoja na maumivu. Nikamwambia, "Sista, wewe umekata patani."

"Ndiyo, fundi. Bila patani utajuaje kama nguo ndiyo imebana au mtu ndiye amenenepa?"

Halafu akakwangua, kama cheti kilivyoagiza. Sitasema zaidi. Majirani walisikia.

Ziara ya pili ndiyo inayofanya niandike haya yote. Siku mbili zimepita. Akafungua, akachukua ile nailoni ya juzi, akailaza palepale, mshale kwa goti. Kidonda kilikuwa kimetoka nje ya mstari pande zote, upana wa kidole, na palipotoka zaidi ni upande wa chini ambako yeye mwenyewe alikata zaidi. Mimi na binti yangu tuliona kwa macho yetu, haikuhitaji elimu. Sista alikuwa ameshatoa wembe kwenye pakiti. Akautia kwenye kopo la vyenye ncha bila kuutumia.

"Hiki nimekikwangua mimi juzi," akasema. "Kwa hiyo hili la chini ni langu."

Nimefanya kazi na mafundi miaka mingi. Fundi anayetazama mshono uliofumuka akasema "huu ni wangu" nimekutana nao wawili, na mmoja alikuwa mlevi.

Akachukua kijiti butu kisafi, akakipitisha chini ya ukingo wa kidonda, kikaingia, kikaenda, kama unavyopitisha kidole ndani ya pindo ambalo halijashonwa. Ngozi ya juu ya zambarau ilikuwa imebaki kama kipaa, chini hakuna kitu. Mbele ya ile zambarau kulikuwa na mzunguko mwekundu, na baada ya hapo ngozi nzima. Akauliza maumivu yako wapi hasa. Nikamwambia kwenye ule ukingo, hata shuka ikigusa.

"Hebu mkono."

Nikampa wa kulia. Akasema mwingine. Nyuma ya kiganja cha kushoto, pale palipokaa kanula ya dripu, palikuwa na kipele cha zambarau chenye kichwa cheupe. Mimi nilikuwa nimekihesabu kuwa ni mbu. Akauliza kingine kiko wapi, hakuuliza kama kipo. Nikamwonyesha pajani, ambapo plasta ilichuna ngozi siku ya kutoka wodini, pamefanya kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati.

Hakupiga kelele za ushindi. Alisema, na namnukuu kadiri ninavyokumbuka, kwamba palipochomwa kanula panaweza kuoza penyewe, hutokea. Plasta inaweza kuchuna na kuacha kidonda, hutokea. Mshono wenye chuma unaweza kuingia bakteria, hutokea sana. Lakini vyote vitatu kwa mtu mmoja kwa wiki mbili, kila ngozi ilipoguswa imejibu kwa kidonda, hapo yeye anasita. Katika kazi yake yote amemwona mmoja tu wa namna hii kabla yangu, na yule naye alikwanguliwa mara nyingi kabla ya mtu kusita.

Kisha akampigia daktari wa mifupa, simu akaiweka sauti kubwa ili nisikie. Nilitegemea ugomvi, maana mnajua muuguzi akimpinga daktari kwetu huwa inakuwaje. Hapakuwa na ugomvi. Akamsomea vipimo vya nailoni, akatuma picha za ukingo, mkono na paja. Daktari akanyamaza kidogo, akasema: usikwangue tena, antibiotiki zisisimame mpaka tujue, kesho aje na ngozi itazamwe na mwenye ngozi yake. Huduma ya siku ile ilikuwa shilingi 15,000, pamoja na gozi.

Naomba msomaji aelewe ninachokisifu hapa. Kufunga bandeji hata kijana wa duka la dawa anafunga, tena kwa 5,000, na anakuwekea ile dawa ya kutoa povu inayochekesha watoto. Nilichonunua kwa 15,000 ni mtu aliyepima kabla ya kukata, akapima tena baada ya kukata, akaamini kipimo kuliko cheti.

Moshi nitapita haraka. Nikapewa rufaa ya kwenda pale hospitali ya KCMC, kwenye kile kituo kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi tangu 1992, wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika. Basi la alfajiri, mguu umelala kwenye siti mbili ambazo zote nimezilipia, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Same. Binti yangu alinunua machungwa Muheza akayamaliza kabla ya Mombo. Kila tuta barabarani nililijua kwa jina.

Daktari wa ngozi alitazama mguu kidogo tu. Swali lake la pili lilikuwa: "Mama, tumbo lako likoje?" Nikaona huyu amechanganya wagonjwa. Nina miaka minne nahara damu kwa vipindi, kila nikienda zahanati naambiwa amiba, napewa flajili, inatulia, inarudi. Sikuwahi kumwambia mtu wa mifupa kwa sababu nani anamwambia mtu wa mifupa habari za choo? Kumbe ndipo penyewe. Baadaye kamera ilipita ikakuta utumbo mpana una uvimbe na vidonda visivyo vya amiba, maradhi ya mwili kujishambulia. Karibu nusu ya wenye maradhi yangu ya ngozi hukutwa na kitu kingine nyuma ya pazia: utumbo kama mimi, au yabisi ya viungo, au maradhi ya damu.

Maradhi yenyewe yanaitwa pioderma gangrenosamu, na jina hili ni la uongo mara mbili. Linasikika kama usaha wa wadudu na kuoza, na ndivyo walivyodhani madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walipoliandika 1930. Mfaransa Brocq alikuwa ameshaeleza vidonda hivyohivyo 1916. Si wadudu, na wala si donda ndugu. Ni chembe nyeupe za mwili wenyewe, zinaitwa nyutrofili, zimejaa kwenye ngozi kama watu waliopigiwa simu ya uongo kwamba kuna msiba. Wamekuja, hakuna maiti, hawaondoki, wanamaliza chakula cha nyumba. Na ngozi ikiumizwa, kwa sindano, kwa plasta, kwa wembe wa msafishaji mwenye nia njema, ni kama simu nyingine imepigwa. Ndiyo maana kisu kinachomponya binti wa kitanda cha pili kilikuwa kinanila mimi. Vitabu vinataja wagonjwa 3 hadi 10 katika watu milioni kwa mwaka, basi msimlaumu sana ambaye hakuwaza.

Nilimuuliza yule daktari ni kipimo gani kinachosema ndiyo ni hii. Akasema hakuna kimoja. Homa, chembe nyeupe, CRP, vyote hupanda kwa bakteria na kwa hii vilevile, havitenganishi. Wanachofanya ni kukusanya: ukingo wa zambarau uliochimbika chini, maumivu makubwa kuliko kidonda chenyewe, vipele mahali palipoguswa, tumbo langu, kuoteshwa mara mbili bila kitu, kidonda kukimbia kila kikikatwa. Na zile nailoni. Alizipanga juu ya sanduku la mwanga la picha za eksirei, mbili, na mchoro wa siku ile akaufanya wa tatu, akawaita wanafunzi wake. Wakazungushana kutazama. Nikajisikia kama gauni la maonyesho.

Hata hivyo hakuruka moja kwa moja kwenye dawa, na hapa ndipo ningependa watu wa kujitibu wasome mara mbili. Alikata kipande kidogo cha ukingoni, kirefu hadi kwenye mafuta, akijua fika kwamba kukata kunaweza kukichokoza kidonda, kwa sababu kutokujua ni kubaya zaidi. Nusu ikaenda kwenye hadubini, nusu maabara kutafutwa bakteria, kifua kikuu na fangasi. Nyama ya ndani ikachukuliwa sehemu kadhaa, ikaachwa ioteshwe siku 14, maana wapo wadudu wa kwenye vyuma wanaoota polepole. Eksirei ya mguu ikaonyesha chuma kimekaa, skrubu hazijalegea, mfupa haujaliwa. Eksirei ya kifua kwa kifua kikuu. Sukari, virusi vya UKIMWI, homa ya ini. Nikapewa na dawa ya minyoo, kwa sababu kuna mnyoo mmoja wa udongoni ambaye hukaa kimya mwilini miaka, na ukimeza hizi dawa za kushusha kinga anapata uhuru wa kukuua.

Majibu ya hadubini yalipotoka, nyutrofili tele na mdudu hakuna, ndipo nikaanzishwa prednisoloni, steroidi ya kushusha kinga: vidonge 12 vya miligramu 5 kila asubuhi baada ya kula. Nina kilo 61. Antibiotiki zikaendelea mpaka siku 14 za maabara zikaisha bila kitu, ndipo zikasimamishwa. Usiku wa tatu wa vidonge nililala mpaka adhana ya alfajiri bila kuamka. Binti yangu alikuja kuniweka mkono puani kuona kama napumua.

Sasa mtu asije akasema fundi kasema vidonda vya chuma vinatibiwa kwa steroidi. Vingi mno ni bakteria kwelikweli. Binti wa kitanda cha pili angemeza nilichomeza mimi, wale wadudu wangefika kwenye mfupa na kujenga. Sista mwenyewe anasema kati ya vidonda vya chuma alivyofunga tangu astaafu, changu peke yake ndicho kilichokuwa hivi. Prednisoloni zinauzwa dukani kama peremende, najua, na zinakufanya unenepe uso, usilale, upandwe na sukari, na ukiziacha ghafla unaweza kuanguka. Mimi zilipunguzwa kidogo kidogo kwa miezi. Uso wangu ulikuwa kama bwana harusi aliyelishwa biriani wiki nzima.

Baada ya Moshi nikarudi mikononi mwa sista kwa wiki 19, na hapo naweza kuipima huduma yao kama huduma.

Mikono: sijaona. Alikataa kabisa plasta kwenye ngozi yangu. Gozi yenye mafuta isiyong'ang'ania, juu yake pedi, juu yake bandeji ya kuzungusha isiyobana. Kuosha ni maji ya chumvi yaliyopashwa moto wa mwili, kumimina, kusugua hakuna. Kilichojitoa chenyewe anakiokota, kisichojitoa anakiacha. Shangazi yangu alileta papai bichi lililosagwa, na jirani asali, na mtu mmoja alileta habari kwamba nimerogwa na fundi mwenzangu wa barabara ya pili. Sista alipokea vyote kwa adabu, asali akasema tuweke kwenye chai, papai likapikwa. La kurogwa alisema hana gozi yake.

Uaminifu: kila ziara nailoni mpya, tarehe, mshale. Wiki ya kwanza mstari ulisimama. Wiki ya tatu ulianza kuingia ndani. Mimi ni mtu wa vipimo, na kuona patani yangu mwenyewe inapungua namba, kutoka ile ya mama mtu mzima hadi ya mtoto wa chekechea, kulinipa nguvu kuliko maneno. Mara moja ilipanuka kidogo, wiki ya tisa, nilipokuwa nimeruka dozi siku tatu kwa sababu ya usingizi. Nilikuwa nimemdanganya kwamba nameza. Akaweka nailoni juu, akanitazama, akasema, "Fundi, nguo haisemi uongo." Nikakiri.

Bei: 15,000 kwa ziara, na gozi zenye mafuta zikipanda bei na yeye anapanda. Bima haimtambui, stakabadhi anaandika kwenye daftari la mistari, hivyo yote ni mfukoni mwako. Kwa kulinganisha, bajaji kwenda hospitali na kurudi ilinigharimu 8,000, bado foleni, bado kupandisha mguu wenye chuma kwenye bajaji. Wiki za mwanzo alikuja mara tatu, mwishoni mara moja. Jumlisheni wenyewe, mimi nikijumlisha naumwa upya.

Kijana wake: mpole, ana nguvu, lakini anakatia gozi kwenye meza yangu ya kukatia kwa mkasi wangu wa kitambaa. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nilimnunulia mkasi.

Muda: wakisema saa mbili, pika kabisa chakula cha mchana.

Simu. Sista ana simu moja, ndogo, ya tochi, zile picha alipiga kwa simu ya kijana. Hapokei akiwa na mgonjwa, hapokei Ijumaa mpaka alasiri, na baada ya magharibi anaizima. Wiki ya kumi na mbili bandeji ililowa damu saa tatu usiku. Nilipiga mara kumi na moja. Ikawa ni bajaji, hospitali, na muuguzi wa zamu mwenye haraka ambaye kama si binti yangu kusimama katikati angenibandika plasta upana wa mkono. Damu ilikuwa kidogo, ilikoma yenyewe. Lakini mtu anayehudumia vidonda vya watu majumbani lazima awe na namba ya usiku, yake au ya mwenzake. Nilimwambia mbele yake, akasema ni kweli, na akaendelea kuizima.

Kidonda kimefunga. Kovu ni jembamba kama karatasi ya vitumbua, limejaa vitundu na vikamba kama kifumbu cha kukamulia tui; daktari wa Moshi anasema ndivyo makovu ya maradhi haya yalivyo, na akiliona kwa mtu mwingine analijua hata kabla hajaambiwa. Chuma kimebaki, mfupa umeunga, cherehani nakanyaga. Nimeambiwa chuma kisitolewe kwa hamu tu ya kukitoa, na siku nikihitaji kupasuliwa chochote, hata jino, niseme kabla sijalala kitandani. Sista ameniandikia kwenye kadi kwa herufi kubwa, nimeipigia laminesheni, inakaa kwenye pochi pamoja na kitambulisho.

Zile nailoni niliziomba. Alikataa, akasema ni faili la mgonjwa. Nikamwambia mgonjwa ndiye mimi. Akanipa moja, ya mwisho, ambayo haina mstari, ina tarehe na mshale wa goti tu.

Nyongeza, wiki tatu baada ya kuandika haya: nimesikia wamepata namba ya usiku. Nimejaribu saa nne usiku, kwa kupima tu. Ilipokelewa na mtoto, akasema bibi anaswali, akakata. Nyota zinabaki nne.